Tenki la oili halikushuka hata kidole

Mwaka jana nilijifanya mwenyeji wa Minnesota, huku Marekani, nikanunua pikipiki ya theluji, hapa wanaiita sledi. Mtumba, ya zamani, tustroku (injini inayounguza oili pamoja na petroli), cc 440, silinda mbili za kupoozwa na feni. Mke wangu akasema hiyo hela si ungeituma nyumbani tukamalizia choo. Hakukosea.

Ila kabla ya sledi kuna mjomba. Mimi nimekulia Tanga, mjomba wangu alikuwa na boti pale ufukwe wa Deep Sea yenye mashine ya Yamaha Enduro, na kazi yangu ya kwanza hapa duniani ilikuwa kuchanganya. Unachukua dumu la lita 20 la petroli, unamiminia oili chupa ya maji ya nusu lita imejaa, unafunga, unatikisa mpaka mabega yaume, basi. Neno uwiano sijawahi kulisikia pale ufukweni. Kumbe lita 20 ukigawa kwa nusu lita unapata 40, yani petroli sehemu 40 kwa oili sehemu moja. Mashine ikiwa mpya mjomba alikuwa anaongeza na nusu ya chupa ya pili na kidogo juu yake, anasema mtoto mchanga anataka maziwa mengi, na hiyo ukiipigia hesabu inaangukia kwenye 25 kwa moja, ambayo ndo kitabu cha Yamaha kinavyotaka kwa mashine mpya. Mjomba hajawahi kukifungua hicho kitabu.

Kwa ambao hawajawahi kushika hizi injini: gari lako oili inakaa chini kwenye bakuli linaloitwa sampu, inapampiwa juu, inarudi, miezi inapita. Tustroku haina sampu. Kile chumba cha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) chenyewe ndo pampu ya kuvutia hewa, pistoni ikipanda inavuta hewa na petroli kuingia chini, ikishuka inausukuma mchanganyiko upande juu kwenye silinda kupitia matundu ya ubavuni. Sasa ukijaza oili humo chini si itabebwa yote juu ikaungue. Ndo maana oili inasafiri pamoja na petroli, inapita kwenye beringi za krenki, inapaka ukuta wa silinda, alafu inaungua na kutokea kwenye egzosi kama ule moshi wa bluu. Inapita mara moja tu, hairudi. Kwahiyo ukikata oili leo, injini haina akiba popote.

Sledi nyingi za miaka ya karibuni huchanganyi mwenyewe. Zina tenki la oili pembeni na kipampu kinachozungushwa na injini, kimefungwa pamoja na waya wa eksileta, ukiminya zaidi kinatoa zaidi, ukiachia ikaunguruma taratibu kinatoa kidogo sana. Maana yake uwiano haukai namba moja, unapanda na kushuka kufuata mkono wako, na hiyo ni akili kuliko chupa ya mjomba. Yangu ilikuwa na tenki la oili. Limejaa. Mzee aliyeniuzia alikuwa anauza vitu vya marehemu kaka yake, akanambia tu mashine inawaka na petroli imo nusu tenki, nikalipa nikapakia.

Wikiendi ya kwanza raha tupu. Nikaenda sheli nikajaza petroli kavu, maana pampu si ipo. Nikazunguka, nikarudi, nikachungulia tenki la oili, limejaa vile vile. Nikafurahi! Kweli kabisa nilifurahi, nikamwambia jamaa yangu wa Nairobi tunayeishi naye jirani kwamba hii kitu haili oili kabisa, akasema basi umeokota dhahabu. Wawili sisi, wote tumekua tukiona boda boda na boti, hakuna aliyejiuliza injini inayotoa moshi wa bluu inautoa wapi kama oili haipungui.

Wikiendi ya pili tenki lilikuwa limebaki robo, nikajaza tena petroli kavu mpaka juu, tukaenda Mille Lacs. Hilo ni ziwa kubwa, likiganda watu wanaburuta vibanda vyao juu ya barafu, wanatoboa tundu, wanakaa ndani na hita wakivua. Baridi ilikuwa 20 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, kama -29 za kwetu. Nikaminya. Kama dakika tano hivi mlio ukabadilika, ukawa mwembamba, mkali, na injini ikawa kama imepata nguvu zaidi, nikadhani ndo imeshapata moto vizuri, alafu ghafla sledi ikavutwa kwa nyuma kama kuna mtu kaishika mkia na kukawa kimya. Nikavuta kamba ya kuwashia. Haiji. Nikaning'inia nayo kwa uzito wangu wote, haiji. Imenoki. Jamaa mmoja akatoka kwenye kibanda chake na kikombe cha kahawa, akanitazama, akauliza swali moja tu: wewe unachanganya au ina pampu?

Nikamwambia ina pampu. Akafungua boneti, akaingiza kidole na glavu yake pale pampu inapotakiwa kuwa, akatoa kichwa. Hakuna pampu. Kuna kibati kimefungwa kwa boliti mbili na gasketi ya kukata kwa mkasi. Mpira wa oili kutoka kwenye tenki umezibwa na skrubu. Ile oili niliyokuwa naichungulia ilikuwa pambo.

Baadae gereji nilipofuta uchafu kwenye kifuniko cha tenki la petroli, kwa ndani, nikakuta imeandikwa kwa maka peni, imefifia: 40:1. Marehemu alikuwa anajua anachofanya. Watu wengi huku wanang'oa pampu kwasababu wanaogopa itafia njiani au mpira utapasuka na baridi, wanaona bora wachanganye kwa mkono wajue wamekunywesha nini.

Nikakaa nikapiga hesabu ya mauaji. Tenki galoni 10, kama lita 38. Nililikuta nusu, lita 19 za 40 kwa moja, ndani yake kuna oili kama mililita 475. Nilipojaza petroli kavu ikawa 80 kwa moja. Ikashuka mpaka robo, hapo oili imebaki kama mililita 119, nikajaza tena lita 28 na nusu kavu. Inakuja 320 kwa moja. Mjomba nilipomtumia sauti ya WhatsApp na hiyo namba alinyamaza muda, akarudisha: "Mjomba, hiyo uliipa harufu ya oili."

Sasa ukiongea na watu wa sledi, na Minnesota ndo nyumbani kwao maana kampuni za sledi, Polaris ilianzia mji wa Roseau na Arctic Cat ni ya mji wa Thief River Falls, watagombana mpaka usiku 32 au 40 au 50. Mimi naona ule ugomvi ni wa starehe. Zamani oili zilikuwa hafifu watu wakaweka 20 kwa moja, oili zikawa nzuri namba ikapanda mpaka 50. Kati ya 40 na 50 tofauti ni mililita 5 kwa lita, kijiko cha chai. Kinachoua ni kutojua anayechanganya ni nani, wewe au pampu.

Ila kuna kosa moja la upande wa pili, na mimi baada ya kuunguza nilitaka kulifanya: kusema basi naweka oili nyingi niwe salama. Jeti ya kabureta ni tundu la kipimo maalum. Kinachopita pale ni petroli na oili pamoja, kwahiyo ukizidisha oili, petroli inapungua, na hewa ni ile ile. Kwenye 50 kwa moja petroli ni kama asilimia 98 ya kinachopita, kwenye 20 kwa moja ni 95. Unaona ajabu yake, oili nyingi inaweza kuifanya injini ikose petroli na kuunguza pistoni. Na kwenye baridi ndo mbaya zaidi, hewa ya -25 ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 10 kwa asilimia 14 hivi, yani silinda inameza hewa nyingi wakati jeti ni ile uliyofunga siku ya jua. Watu wa huku wanabadili jeti kubwa baridi ikikaza, na wanachomoa plagi kuangalia rangi: kahawia ya chai ya maziwa ni nzuri, nyeupe ujue petroli ni kidogo, nyeusi imelowa umezidisha.

Alafu usichukue oili ya boti ukatia kwenye sledi ya feni. Ile yenye alama ya TC-W3 imetengenezwa kwa mashine inayopozwa na maji, feni inachemka kuliko pale. Na kwenye baridi oili isiyo ya theluji inakuwa kama asali, ukiimimina kwenye dumu inakaa chini haichanganyiki. Mimi siku hizi naweka chupa ndani ya nyumba karibu na hita, naimimina ya vuguvugu kwenye nusu ya petroli kwanza, natikisa, ndo najazia. Vipimo vyao ni galoni na aunsi, galoni 5 kwa 40 kwa moja ni aunsi 16 kamili. Ile chupa ya mjomba ukiitia kwenye galoni 5 unapata kama 38 kwa moja, kwahiyo mzee bado anafanya kazi hata Marekani.

Injini tulifungua. Pistoni ya upande wa klachi ilikuwa na mikwaruzo pande nne, aluminiamu imepakwa kwenye ukuta wa silinda kama siagi kwenye mkate. Bahati bushi ya silinda ilikuwa chuma, tukaila ile aluminiamu kwa asidi, tukahoni (kuusugua ukuta wa silinda), pistoni mbili mpya na ringi, beringi za krenki tukazisikiliza zikawa kimya. Bei sisemi, mke wangu anasoma hapa.

Na pampu nimeirudisha. Tenki la kwanza nikachanganya na 50 kwa moja juu yake, sababu ya pistoni mpya, ikatoa moshi mpaka jirani akafunga dirisha. Nikabandika tepu nyeupe kwenye tenki la oili usawa wa oili ulipo, nikaenda ziwani, nikarudi, nikapiga magoti kwenye theluji na tochi ya simu. Imeshuka chini ya tepu kidole kimoja na nusu. Nikaipiga picha nikamtumia mjomba.