Kijiti cha breki: ninavyokagua lori bila utingo

Ushauri unaonikera kuliko wote katika kazi hii ni ule wa "gonga tairi kwa nyundo, likilia vizuri ondoka." Nimeusikia hata kwa madereva wakongwe ninaowaheshimu. Kwenye magurudumu pacha, tairi la ndani linaweza kupungua upepo vibaya na usijue, maana la nje ndilo linalobeba mzigo. Tairi la paundi 100 likishuka hadi 80, kwa kazi ya lori huhesabiwa limeisha upepo, na hakuna sikio linalotambua tofauti hiyo kwa nyundo. Tumia geji, pima matairi yakiwa baridi, basi.

Lakini ninachotaka kusimulia ni breki, kwa sababu hapo ndipo nilipohangaika. Navuta tela peke yangu. Ukaguzi kamili wa breki za upepo unataka mmoja akanyage pedali na mwingine azunguke gari akipima. Nilipowauliza wenzangu wanafanyaje, mmoja akanijibu, "Kaka, siku hizi slaki adjasta zinajirekebisha zenyewe, unajisumbua bure." Hizo ni mikono midogo inayozungusha breki ya kila gurudumu na kuziba nafasi breki zinapolika. Zinajirekebisha, ndiyo, mpaka siku zinapochakaa.

Ili pedali ibaki imekanyagwa nikiwa nje, nikaanza na jiwe. Likaserereka kabla sijafika nyuma ya kichwa cha lori. Nikajaribu kamba ya nailoni, nikaikaza pedali nayo kwa nguvu zangu zote, ikawa inalegea taratibu. Nikifika ekseli ya mwisho ya tela, breki zimeshaachia nusu na kipimo hakina maana tena.

Kilichofanya kazi ni kijiti, kipande cha mbao kilichobaki baada ya kutengeneza bodi, kwa hiyo gharama yake ni jasho tu. Mwisho mmoja nimeuchonga mfereji ili uikumbatie pedali. Mwisho wa pili nimeuvisha kipande cha tyubu ya zamani usiteleze kwenye kiti. Halafu, na hapa ndipo ninapojivunia, sihangaiki kuukaza kwa mikono: nausimamisha kati ya pedali na kiti, kisha nasogeza kiti mbele kwenye reli zake mpaka pedali inazama yote. Hailegei hata kidogo.

Kabla ya hapo gari liwe mahali tambarare na kabari zimebana magurudumu kisawasawa, kwa sababu handibreki lazima uiachie, ya kichwa na ya tela pia. Ukiiacha imefungwa, springi zimeshakisukuma nje chuma cha chemba, yaani kile kinachotoka kwenye kopo la upepo la kila breki na kusukuma slaki adjasta, na huna cha kupima. Jaza upepo ufike kama paundi 100, zima injini, uchukue chaki. Breki zikiwa wazi, chora alama kwenye kile chuma pale kinapotokea kwenye chemba. Weka kijiti, rudi upime alama imesogea kiasi gani. Kwa chemba ya kawaida ya saizi 30, mwisho ni inchi 2. Zile za mkono mrefu, ambazo chuma chake hutoka mbali zaidi, zina kipimo chao, nacho ni kikubwa zaidi, kwa hiyo soma maandishi ya chemba yako. Kwa nini nang'ang'ania hili? Dramu inayozunguka na gurudumu ikipata moto kwenye mteremko hutanuka, inazikimbia brekishuu zinazoibana kwa ndani, na chuma kinalazimika kutoka zaidi. Chemba iliyokuwa ukingoni uwanjani itafika mwisho wake katikati ya mteremko.

Wakati kijiti kimebana, taa za breki zinawaka, unaziona zote. Sikiliza mivumo ya upepo, paka maji ya sabuni kwenye viungo vya mipira unavyovitilia shaka. Mimi hutazama geji pia: kwa kichwa na tela moja, upepo ukishuka zaidi ya paundi 4 kwa dakika huku breki zimekanyagwa, siondoki.

Kijiti kilipata heshima yake kwenye chemba moja ya nyuma ya tela, ambayo chuma chake kilitoka kupita kiasi. Fundi alichukua spana akaikaze ile slaki adjasta tuondoke. Nikamkatalia. Ya kujirekebisha yenyewe ukiikaza kwa mkono unaficha ugonjwa, na baada ya muda mfupi inarudi palepale. Alipokubali kufungua, tukakuta bushi za kemu, ule mhimili unaozungushwa na slaki adjasta kutanua brekishuu, zimeliwa, kemu yenyewe inacheza. Tukabadilisha, alama ya chaki ikakaa mahali pake.

Ufunguo wa gari naufunga kwenye kamba ya kijiti ukaguzi unapoanza, ili nisiweze kuwasha injini kabla sijakitoa. Usikate chako kwa urefu wa changu. Viti na pedali havifanani. Kata kirefu kwanza, halafu punguza kidogo kidogo ukiwa umekaa ndani ya gari lako.