Mbwa anachechemea: tazama kichwa kwanza, ndipo mguu

Mbwa wetu alianza kuchechemea mbele, hasa asubuhi akiamka. Mguu upi, hatukuelewana nyumbani. Tukampumzisha, tukamkanda mabega kwa maji ya moto. Nafuu ikaja ikaondoka. (Ibuprofeni, ile dawa ya maumivu ya watu iliyo kwenye kabati, msimpe kabisa, ni sumu kwa mbwa.)

Kilichosaidia ni kumtembeza taratibu kwenye sakafu ya saruji, mimi nikiwa mbele namtazama. Mbwa anayeumwa mguu wa mbele hunyanyua kichwa ule mguu mbovu unapokanyaga, kisha hukishusha anapokanyaga mzima. Kichwa kilipanda kila alipokanyaga wa kushoto.

Basi nikashughulika na mguu huo tu. Nyayo safi, vidole safi, hakuna mwiba wala kupe. Nikalowesha manyoya juu kidogo, upande wa ndani, nikamulika kwa simu. Ule ukucha wa pembeni usiogusa ardhi ulikuwa umejikunja duara na kuzama nyamani! Kwa kuwa haukanyagi chini, hausagiki kama wenzake, na manyoya yaliuficha.

Daktari wa mifugo aliukata, akasafisha kidonda, akatoa antibiotiki. Kuchechemea kumekwisha. Ukucha huo sasa naukagua kila ninapomwogesha.