Kutafuta ukoo kwenye vitabu vya ubatizo: Mkunazini, Mbweni na Minara Miwili

Mkrio wa Freetown, Sierra Leone, yaani mzao wa watu waliokombolewa utumwani, anayetafuta wazee wake ana vitu viwili vya kushikia. Kuna madaftari ya watu walioshushwa kutoka meli za watumwa zilizokamatwa kuanzia 1808, yenye jina la nyumbani, umri, kimo, hata alama za mwilini. Halafu kuna jina la ukoo lisilobadilika: akiwa Johnson, babu yake naye alikuwa Johnson, na kitabu cha kanisa la kijijini kinawafuata wote kwa jina hilo hilo.

Unguja ukiwatafuta wazee waliokombolewa utumwani kwa mtindo huo utarudi mikono mitupu. Kwetu jina la pili ni la baba, la tatu la babu, na kila kizazi linasogea. Kwa hiyo usitafute jina la ukoo. Tafuta mtu na waliosimama naye.

Anza na cheti cha ubatizo cha mzee aliye hai, au cha marehemu kilichobaki sandukuni. Kinachotakiwa pale ni tarehe, kanisa na namba ya kitabu. Rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Wengi hurukia miaka ya 1870 moja kwa moja kwa sababu ndiyo yenye utamu, wanamshika Maria wa kwanza wanayemuona, na ukoo mzima unajengwa juu ya mtu wa watu.

Kabla hujamwendea kasisi au paroko, jua mzee wako alikuwa upande gani. Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao ni Wakatoliki, walifika Unguja 1863. Kanisa lao ndilo Minara Miwili. Waanglikana wa UMCA, misheni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza, walihamia hapa 1864. Skuli ya wavulana ilikuwa Kiungani, wasichana Mbweni, na shamba la Mbweni lilinunuliwa 1871 likawa kijiji cha waliokombolewa. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini. Pemba ni habari nyingine kidogo: zaidi ya UMCA kulikuwa na Wakweka (Quakers, dhehebu la Kikristo), waliofika 1897, nao kwa desturi yao hawabatizi. Ukimtafuta mtu wao kwenye kitabu cha ubatizo unajichosha bure.

Ukifunguliwa kitabu, nakili mstari mzima kama ulivyo, pamoja na namba ya ubatizo na makosa ya tahajia. Usisahihishe. Tumia penseli, wino wa kalamu ukidondoka juu ya karatasi ya miaka 140 haufutiki. Picha za simu piga kwa ruhusa, bila mwanga, na anza na kichwa cha ukurasa, la sivyo nyumbani hutajua safu ipi ni ya nini. Vitabu vya zamani vya Kikatoliki ni vya Kilatini: patrinus ni baba wa ubatizo, matrina mama wa ubatizo, parentes ignoti wazazi hawajulikani. Usiache pambizo. Tangu 1908 mapadri wametakiwa kuandika ndoa ya mtu pembeni mwa ubatizo wake, na neno dogo lile linaweza kukupeleka parokia nyingine kabisa.

Sasa majina. Shemasi Mwafrika wa kwanza wa UMCA, aliyewekwa 1879, anaitwa John Swedi. Padri wa kwanza, 1890, ni Cecil Majaliwa. Tazama mpangilio: la mbele ni la ubatizo, la nyuma ni la huku huku. Mjukuu anayemtafuta "John" atapata kumi. La nyuma ndilo linalomtenga mtu na wenzake. Litafute kwa kila sura, Mabruk na Mabruki, kwa L na kwa R, kwa C na kwa K, maana Mzungu aliandika alivyosikia.

Kabila nalo lina mtego. "Nyasa" mara nyingi maana yake alitoka upande wa ziwa, basi. Ukiona Yao au Makua umepata kitu, lakini bado si kijiji. Umri wa waliofika wakubwa ni wa kukisia, ndiyo maana utaona 10, 20, 30 zimejaa. Na watoto waliobatizwa siku moja, wakaitana ndugu maisha yao yote, huenda wameshuka jahazi moja tu. Waandike ndugu, ila weka alama pembeni.

Wasimamizi wa ubatizo ndio uzi wenyewe. Asiye na wazazi alisimamiwa na mtu, na yule aliyemsimamia utamkuta tena kwenye ndoa yake, na tena kwenye ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Wachoree mchoro wao peke yao.

Uzi ukikatika Mbweni baada ya 1876, fikiria Masasi: mwaka ule Askofu Steere wa UMCA aliondoka na zaidi ya watu 50 kwenda kuwaweka kule bara. Ukikatika kwa binti, pengine aliolewa na Muislamu, na habari zake ziko kwa shangazi wa mtaani, haziko kanisani. Huko nenda na adabu. Usimuulize bibi "nyinyi mlikuwa watumwa?" Muulize, "Bibi, wazee walipofika Mbweni, walikuwa na nani?"