Kishikwambi cha bibi na kuta za mawe

Mjomba alimletea bibi kishikwambi kutoka London ili wawe wanaonana kila Ijumaa. Kikakaa kabatini miezi, maana kila aliyejaribu kukiunganisha na waifai alishindwa, akakirudisha. Bibi hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, hiki ndiyo basi tena?" Swali hilo likaniuma. Nikaamua siondoki mpaka kifanye kazi.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja. Bibi analala ghorofa ya pili, ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, iko sebuleni chini. Nilikaa karibu na ruta, nikakichaji, maana betri ilikuwa imekwisha kabisa, kisha nikafungua orodha ya mitandao. Majina ya waifai za majirani yalijipanga pale, letu halimo, na simu yangu inaliona vizuri. Nadhani hapo ndipo wenzangu walipokata tamaa wakasema kifaa kibovu.

Hakikuwa kibovu. Ruta kama yetu hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na vishikwambi vingi vya bei nafuu hupokea ya 2.4 peke yake. Niliigeuza ruta, nikasoma kibandiko cha chini, nikaandika anwani yake iliyoandikwa hapo, 192.168.1.1, kwenye kivinjari cha simu, nikaingia kwenye mipangilio. Ya 2.4 ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha, na haukupita muda jina letu likatokea kwenye kishikwambi.

Nikaweka nywila, kikaunganika, lakini kurasa zikagoma. Kila nilichofungua kiliniambia muunganisho si wa faragha. Mkono ulinituma nikazime ruta, nikajizuia: simu yangu iko kwenye ruta hiyo hiyo na inafungua kila kitu. Basi ruta haina kosa, wala laini haina kosa. Jambo liko ndani ya kishikwambi chenyewe.

Nikatazama saa pale juu ya skrini. Inasema saa tisa usiku, na adhana ya adhuhuri imetoka punde tu! Tarehe nayo ilikuwa 1 Januari 2018. Betri ilipokufa, saa iliporomoka, na ile sehemu ya kuchukua saa kutoka kwenye mtandao ilikuwa imezimwa. Tovuti hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha; kwa kifaa kinachoamini tuko 2018, vyeti vya leo bado havijaanza kutumika, kwa hiyo kinavikataa. Nilipoweka tarehe ya kweli, kurasa zote zikafunguka.

Nikapanda nacho juu kwa furaha, na mlangoni kwa bibi mtandao ukakatika.

Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ule wa chumba chake niliupima kwa mkono, ukazidi dhiraa moja. Mawimbi ya 2.4 hupenya ukuta kuliko ya 5, lakini kuta mbili za namna hiyo na dari ya boriti juu yake ni mzigo. Watu walinishauri ninunue kifaa cha kuongeza nguvu. Kwanza nikajaribu kuihamisha ruta: nikavuta waya mrefu, nikaitundika kwenye ngazi, mahali palipo wazi kutoka chini mpaka juu, mawimbi yapite hewani badala ya kupigana na mawe. Kutoka kistari kimoja tukapata vitatu. Waifai za majirani wengi zilikuwa kwenye chaneli ya 6, yaani njia mojawapo ya mawimbi hayo ya 2.4, nami nikaihamishia yetu kwenye 11, kwa kuwa 1, 6 na 11 haziingiliani.

Kikabaki kipaza sauti kidogo cha bluutuu, kwa kuwa bibi hasikii vizuri. Kilikataa kuoanishwa kwa sababu kila kikiwashwa kilikimbilia simu yangu. Nikakifuta kwenye simu, kikashika kishikwambi mara moja.

Ijumaa baada ya sala mjomba akapiga. Bibi alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na uso mpaka mjomba akawa anaona paji la uso tu, akasema, "Mwanangu, mbona umekonda hivi? Huko hamli?"