Vijana wa Moshi mnaoniomba kazi ya meli ya matanga

Januari na Februari, kwa kawaida, meli yetu hulala gatini Bergen, Norwe, kwa matengenezo, na hapo ndipo tunapopokezana likizo nami nikapata kuja nyumbani Moshi. Kila nikija, kuanzia Kiborloni mpaka Majengo ombi ni lile lile: "Kaka, nitafutie na mimi kwenye hiyo meli." Mmeziona picha: milingoti mitatu, matanga meupe, vijana wamekaa juu kabisa wanacheka. Wengi mnadhani ni utalii. Leo naomba niwaeleze kazi yenyewe.

Meli inaitwa Statsraad Lehmkuhl. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1914, tangu mwanzo ikiwa chuo cha mabaharia kinachoelea, na kazi yake bado ni hiyo. Ina urefu wa mita 98 na matanga 22. Kati ya Agosti 2021 na Aprili 2023 ilizunguka dunia nzima. Injini inayo, lakini kamba tunavuta kwa mikono, watu ishirini kwenye kamba moja, kwa sauti moja. Wanafunzi wanafika 150: makuruta wa jeshi la majini, wanachuo, hata watu wazima waliojilipia. Sisi waajiriwa ni wachache, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ni ualimu.

Wanafunzi hugawanywa zamu tatu. Unafanya kazi kwa muda wa saa nne, unapumzika kwa muda wa saa nane, usiku na mchana. Ukiingia saa sita usiku unatoka saa kumi alfajiri, na saa sita mchana unaitwa tena. Mmoja anashika usukani, mwingine yuko omo, yaani mbele ya meli, anaangalia njia, mwingine anakaa shetri, nyuma ya meli, karibu na boya, tayari kulirusha mtu akianguka majini. Kuna anayezunguka ndani kukagua moto. Waliobaki wanasubiri amri. Kulala ni kwenye machela za kuning'inia, zimebanana ubavu kwa ubavu.

Sasa kupanda. Tunapanda upande unakotoka upepo, ili upepo ukusukume kwenye kamba badala ya kukubandua. Ukifika kwenye foromali, ile nguzo ya mlalo inayobeba tanga, unafunga mkanda wa usalama, kisha unakanyaga kamba moja tu iliyoning'inia chini yake. Kamba hiyo mnaichangia. Uzito wako ukiingia, wenzako wanarushwa juu kidogo, kwa hiyo lazima upige kelele kwanza, waitikie, ndipo ukanyage. Hapo mnalala kifudifudi juu ya foromali na kulikunja tanga zito, limelowa, vidole vimekufa ganzi. Mimi husimama jirani na yule anayetetemeka, nikimwelekeza pa kushika.

Majuzi Marangu mpagazi mmoja kijana aliniuliza, "Na mtu akiogopa, kaka, mnamlazimisha?" Hapana. Kwa mwanafunzi kupanda ni hiari. Chini nako kazi zipo tele. Alielewa papo hapo, maana ameona mlimani jinsi kiongozi mzuri anavyomsoma mgeni mapema na kumrudisha kabla hajazidiwa. Nami nilibeba mizigo Kilimanjaro kabla ya kuondoka, na jicho hilo nililipata kule.

Kuna kazi ambayo haipigwi picha. Chuma kinaliwa na chumvi, kwa hiyo unagonga kutu kwa nyundo, unasugua, unapaka rangi, ukimaliza huku kule kumeanza tena. Sitaha ya mbao inaoshwa kwa maji ya bahari, kwani chumvi huzuia mbao kuoza na unyevu huzifanya zivimbe, zisivujishe. Mianya ya mbao inazibwa kwa kalfati, yaani nyuzi za kuzibia, kazi ambayo fundi wa majahazi wa Kilwa angeitambua mara moja. Binafsi naipenda kuliko kupanda. Nikiziba mwanya vizuri leo, mtu atalala pakavu chini yake miaka kadhaa.

Kuhusu kuwashika mkono: mimi niliingia Norwe kwa ndoa, kibali cha familia, na hiyo siwezi kumgawia mtu. Anayetaka bahari aanzie hapa nchini. Jifunze kuogelea. Nenda DMI, chuo cha ubaharia cha Dar es Salaam, ukasome mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW, yaani mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo ya mabaharia. Bila cheti hicho hakuna nahodha wa maana atakayekupokea. Pata na cheti cha afya ya baharia. Kiingereza kiwe cha kusikia amri mara moja kwenye upepo.

Na tafadhali, wadogo zangu, msiuze shamba la mama kumlipa wakala. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama za pasipoti na vyeti ni zako. Ada ya "kushikiliwa nafasi" haipo. Wakala akikutajia, ondoka. Mimi nipo Moshi hadi mwisho wa Februari, na anayetaka kuona cheti halisi kinafananaje aje Jumamosi mchana Kiborloni, nitakuja na vyangu.