Kidonda Kulia, Kosa Kushoto

Kila alfajiri farasi huyu jike alirudi zizini kutoka mazoezini akitoka damu upande wa ndani wa kifundo cha mguu wa mbele, wa kulia. Saisi wake, yaani mtunzaji wake, alipaka dawa, akafunga bendeji. Kidonda kikikauka leo, kesho kinachanika palepale. Hii ilikuwa Nairobi, si mbali na uwanja wa mbio wa Ngong, na viatu vya chuma vya kwato zake nilimpigilia mimi.

Kwanza nilisingizia waya wa ua. Siku mbili nzima tukaukagua ua, hata msumari uliochomoza hatukuona.

Nikamwita mzee aliyenifunza kazi. Mguu wenye kidonda hakuugusa. Aliinua wa kushoto, akaniomba chaki, akaipaka kwenye ukingo wa ndani wa kiatu. Kulia tukafunga bendeji nyeusi. Saisi akamkimbiza farasi polepole kwenye ardhi ngumu, kwenda na kurudi. Aliporudi, bendeji ilikuwa na alama nyeupe juu ya kidonda.

"Sasa ua umepona?" mzee akaniuliza.

Ukimtazama farasi kwa mbele, ukwato wa kushoto ulielekea nje kidogo, na mguu wa namna hiyo hupinda ndani ukiwa hewani, ukaugonga mwenzake. Hilo ni umbile. Yaliyobaki ni yangu: wiki nane bila kumkata kwato, ncha ya msumari imenyanyuka, na kiatu kimetokeza upande wa ndani. Nilidhani nampa ukwato nafasi ya kutanuka, kumbe nimemfunga kisu.

Nilitaka kukata upande mmoja zaidi ili mguu unyooke. Mzee akakataa katakata: mifupa imeshakomaa, ukilazimisha utaumiza viungo. Nikasawazisha tu na kupunguza kidole, yaani ncha ya mbele ya ukwato. Kiatu kipya nikakifua chembamba upande wa ndani, nikakipiga tupa hadi makali yakaisha, kikakaa chini ya ukwato bila kutokeza. Misumari ya ndani ikawa miwili, karibu na kidole.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshahakikisha kidonda hakijafika kwenye kiungo. Mazoezi yakapunguzwa, maana farasi akichoka hutupa miguu ovyo. Kinga za vifundo alivaa, ila saisi alizivua mara baada ya mazoezi, mchanga usimsugue.

Sasa namkata kwato kila baada ya wiki tano. Chaki tuliirudia: kwenye mstari ulionyooka, bendeji ilibaki safi. Kwenye kona bado hugusa kidogo, kwa hiyo kinga hatujaziacha.