Ruta ya Mama Mikindani, Mimi Nikiwa Aberdeen

Kila Ijumaa, baada ya sala ya magharibi ya Mikindani, Mtwara, wakati kwangu hapa Aberdeen, Uskoti, ni alasiri, mama hunipigia simu ya video. Ijumaa moja ya mwezi Novemba simu hiyo haikuja. Kilichokuja ni ujumbe mfupi wa mpwa wangu: "Shikamoo mjomba. Ruta inawaka, waifai ipo, lakini intaneti hakuna." Nikampigia kwa simu ya kawaida, ambayo kutoka huku ni ghali, na kwa hiyo kila swali ilinibidi nilipime kabla ya kuliuliza.

Ujumbe ule ulikuwa umekwisha kunipunguzia nusu ya kazi. Waifai ni njia ya hewani tu baina ya simu na ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, nayo huendelea kuonekana hata pale ruta yenyewe haina kitu cha kugawa, ilhali intaneti ya nyumba ile huingia kutoka mnarani kupitia laini iliyochomekwa ndani ya ruta. Kama simu ingekataa kuunganika, tungeangalia nenosiri na simu yenyewe. Lakini kwa kuwa iliunganika ikaandika kwamba hakuna intaneti, tatizo lilikuwa kwenye ruta au ng'ambo yake.

Nikamwambia aulize kwanza kwa majirani. Swali hili nililipuuza tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya zinazopitisha intaneti chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika na kuathiri mawasiliano ya Tanzania na nchi nyingine za ukanda wetu, nami nikamfanya kijana wa watu azime na kuwasha ruta mchana kutwa kwa hitilafu iliyokuwa chini ya bahari. Safari hii majirani walikuwa na intaneti.

Basi nikamwomba azime ruta, atoe laini na kuiweka kwenye simu yake. Intaneti ikafunguka mara moja. Jaribio hilo la dakika tatu lilithibitisha mambo matatu kwa pamoja, yaani kwamba mnara unafanya kazi, laini ni nzima na kifurushi hakijaisha, na sasa ikabaki ruta peke yake. Hapo nikamuuliza anisomee jina la waifai analoliona. Halikuwa jina la marehemu babu tuliloipa sisi, bali lile la herufi na tarakimu lililochapwa kwenye kibandiko cha chini ya ruta. Nikajua kwamba kuna mtu aliyeingiza pini kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akakiri kuwa kijana mmoja wa jirani alikibonyeza kwa sekunde kumi hivi ili "kuiamsha".

Kuzima na kuwasha ruta hakupotezi chochote, na mara nyingi hutosha. Kitundu kile, kinyume chake, huirudisha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani na kufuta mipangilio yote, pamoja na APN, yaani jina ambalo ruta hulitumia kuomba data kwa kampuni ya simu. Ruta nyingine hulitambua zenyewe kutokana na laini. Hii yetu haikulitambua. Tulirudisha laini, mpwa wangu akafungua kivinjari, akaandika anwani iliyo kwenye kibandiko, ambayo kwa ruta nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1, akaingia na kuandika APN herufi kwa herufi huku nikimtajia. Taa ya intaneti ikageuka kijani, nami nikamsikia mama akimshukuru Mungu kutoka chumba cha pili.

Lakini kwa nini ruta ililala hata ikahitaji kuamshwa? Simu ya video iliporudi niliona kwa macho yangu. Mama alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, nyuma ya televisheni, ili isiingie vumbi. Novemba ya Mikindani ni joto kali, na ruta isiyopumua huchemka hadi kukwama. Nikamwambia, "Mama, naomba kitambaa kikae chini yake, kisikae juu." Akakubali.

Tulipokuwa tunaihamisha tulishughulikia na malalamiko yake ya siku nyingi, kwamba chumbani kwake mawimbi hayafiki. Kuta za nyumba ile ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Mimi ninaishi ndani ya kuta za mawe ya itale, na ni hizo zilizonifundisha. Katika mawimbi ya aina mbili ya waifai, yale ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini hudhoofika upesi ukutani, na yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi. Ruta ikawekwa juu ya rafu ya ukumbini, mkabala na mlango wa chumba chake na karibu na dirisha, na simu yake ikaunganishwa kwenye gigahezi 2.4.

Mwisho, mpwa wangu aliandika jina la waifai, nenosiri, anwani ya ruta na APN kwenye karatasi moja, akaibandika ndani ya mlango wa kabati, chini ya namba ya mita ya umeme ya LUKU.